Nyapara Aliyetuuliza Kilichoharibika

Siku ya kwanza nyapara mpya alipofika kiwandani hakusema neno mpaka saa nne asubuhi. Alisimama kando ya karai kubwa la kuoshea mikebe, mikono nyuma, koti lake la jeshi limefungwa vifungo vyote kwa sababu ya baridi, akawa anatutazama. Waoshaji tulikuwa watano. Kila mmoja wetu alijua moyoni kwamba anatafutwa mtu wa kufukuzwa. Mimi niliosha mkebe mmoja mara mbili ili anione nina bidii, na nafikiri yeye peke yake ndiye aliyegundua kwamba ulikuwa mkebe ule ule.

Kilikuwa kiwanda cha siagi, hapa Nakuru, karibu na reli. Kilikuwa kidogo na hakipo tena. Malai, yale mafuta yanayotengwa na maziwa, yalikuja kutoka mashamba ya wazungu: ya Elburgon na Rongai kwa treni, ya Subukia kwa lori. Yalikuja ndani ya mikebe mirefu ya chuma yenye masikio mawili. Kazi yetu ilikuwa kuimimina mikebe hiyo, kuiosha kwa magadi na burashi, kuipitisha kwenye bomba la mvuke, kisha kuirudisha mashambani ikajazwe tena. Mzungu mmoja aliyeitwa mpimaji alikaa mlangoni na kijiko chake, akanusa na kuonja kila mkebe ulioingia, akasema ni daraja la kwanza au la pili. Daraja la tatu halikusemwa kwa sauti. Alitikisa kichwa tu.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nimetoka Maragoli na mke na mtoto mchanga, tukikaa kwa mjomba wangu kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Kazi niliipata kwa urahisi, na sababu yake sikuipenda. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipambana na wapigania uhuru. Wafanyakazi Wakikuyu walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kupelekwa kwao, na viwanda vilikuwa vinatafuta watu wengine. Burashi niliyopewa ilikuwa imelika upande mmoja, nami nikatambua kwamba mwenyewe alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Huyo mtu sikuwahi kumwona. Ilinichukua mwezi mzima kuizoea burashi yake.

Nyapara aliyekuwapo nilipoanza alikuwa na fimbo. Hakutupiga sana, lakini alikuwa nayo. Ukimwambia mkebe umetoboka, ni wewe uliyeutoboa. Ukisema bomba linavuja, atakuuliza uliligusa kwa nini. Kwa hiyo tulijifunza kunyamaza. Mkebe wenye tundu tuliupakia katikati ya lori, mahali ambapo hautaonekana mpaka ufike shambani, na huko wangejua wenyewe la kufanya. Sioni fahari kuyasema haya, lakini ndivyo tulivyofanya kazi, na tulijiona wajanja.

Basi ilipofika saa nne, yule nyapara mpya alisogea.

"Hii karai," akasema, "iliwekwa chini namna hii kwa nini?"

Tulilikuta hapo.

"Nani anaumwa mgongo?"

Kuumwa mgongo kulikuwa njia ya haraka ya kurudishwa kijijini. Akavua koti, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kuni, akanyoosha mkono nikampa burashi. Aliosha mikebe mpaka saa sita. Hakuwa kijana, alikuwa amevuka miaka arobaini, mtu mkubwa wa kutoka upande wa lile ziwa kubwa la magharibi, mwenye miguu mipana ambayo viatu vyote vya dukani viliikataa. Alipojinyoosha alishika kiuno kwa mikono miwili, akafunga macho.

"Mimi naumwa," akasema.

Kesho yake, yeye na mchochea moto wa boila waliliinua lile karai juu ya mawe, likafika kiunoni. Ilikuwa kazi ya saa moja. Sisi tulikuwa tumeinama pale kwa miaka.

Jumamosi tulikuwa tunamaliza kazi saa saba. Jumamosi ile alitusimamisha saa sita na nusu, akatugeuzia mikebe mitupu tuikalie, akaleta birika la chai na machunda, yale maziwa yanayobaki siagi ikishatolewa. Hiyo nusu saa ilikuwa ya kazi, si yetu, na jambo hilo lilitushangaza kuliko chai. Akatoa daftari la shule na penseli.

"Juma hili," akasema, "nini kimeharibika?"

Tulikunywa chai. Mmoja akasema hakuna kitu kilichoharibika, kila kitu ni kizuri, asante bwana nyapara. Wengine tukaitikia.

"Mimi kuna kitu nimeharibu," akasema. "Jumatano nilifungua mvuke kabla ya kuangalia kwenye pipa. Malai yaliyokuwa ndani yakapata moto, yakakatika. Tumeyamwaga. Bwana mkubwa nimemwambia."

Tulikuwa tunajua kwamba malai yamemwagwa. Juma zima tulikuwa tunanong'ona nani ataadhibiwa. Yeye aliandika kosa lake kwenye daftari mbele yetu, polepole, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo, kisha akanigeukia mimi kwa sababu alisikia nimefika darasa la sita.

"'Nilifungua' inaandikwa na g?"

"Ndiyo, mzee. Na n kabla yake."

"Asante."

Kusoma alijifunza ukubwani, jeshini, wakati wa vita, alipokuwa akipika na kugawa chakula cha wanajeshi. Herufi zake zilikuwa kubwa kama za mtoto. Tangu siku hiyo nilikuwa nakaa karibu naye kila Jumamosi ili aniulize maneno, na nadhani nilianza kumpenda kwa ajili ya maswali hayo. Hakuona haya hata kidogo. Sijawahi kukutana na mtu mzima mwingine aliyeuliza jinsi ya kuandika neno "siagi" huku amesimama katikati ya kiwanda cha siagi.

Jumamosi ya pili tulinyamaza tena, naye akataja kosa lake jingine. Jumamosi ya tatu alizungumza mzee wa Kericho.

Huyu alikuwa mkubwa wetu kwa umri, Mkipsigis mwembamba, mpole, ambaye hata salamu alikuwa anaitoa kwa kichwa. Alikuwa amefanya kazi pale miaka saba. Siku hiyo aliweka kikombe chini akasema, "Mifuniko."

Tukamngoja.

"Mikebe inakwenda mashambani wazi, mifuniko inakwenda peke yake ndani ya gunia. Ikifika huko inachanganyika. Huu haufungi ule. Wanagonga kwa jiwe mpaka ufunge, halafu malai yanamwagika njiani na vumbi linaingia. Kila mfuniko ukifungwa kwa waya kwenye mkebe wake, hautapotea."

Tulimtazama. Miaka saba alikuwa na maneno hayo.

"Mbona hukusema?" nyapara akamuuliza, bila ukali.

"Sikuulizwa."

Nyapara aliandika. Kando ya wazo hilo aliandika pia nani amelisema, kwa maneno ya kumtambulisha tu: mzee wa Kericho. Jumatatu tulianza kukata waya. Jumanne bwana mkubwa, mwenye kusimamia kiwanda, akapita na mbwa wake, akaona tunafunga waya badala ya kuosha. Alikuwa mzungu mfupi, mwekundu wa shingo, aliyezungumza Kiswahili cha mashambani.

"Nani nafundisha hii maneno ya waya?"

Mzee wa Kericho aliinamisha kichwa. Mimi nilijikuta naosha kwa nguvu.

"Ni mimi, bwana," nyapara akasema. "Tunajaribu juma mbili. Ikiwa mbaya, ni kosa yangu."

"Kama iko mbaya, wewe nakwenda kwa reli kutafuta kazi ingine."

"Sawa, bwana."

Haikuwa mbaya. Malai yaliacha kumwagika, na bwana mkubwa hakusema lolote tena, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kusifu. Lakini ninachokumbuka mimi ni kile kilichotokea alipokuja kuuliza kwa upole, baada ya yale majuma mawili, wazo lile lilitoka wapi. Nyapara hakusema "ni mimi" safari hii. Alimshika mzee wa Kericho begani akamleta mbele. "Huyu hapa." Bwana mkubwa alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza amwone, ingawa mzee alikuwa ameosha mikebe yake kwa miaka saba.

Baada ya hapo Jumamosi zilibadilika. Watu walikuja na maneno tangu Jumatatu, wakayahifadhi. Mchochea moto alionyesha kwamba kuni mbichi zilizopangwa karibu na ukuta wa boila hukauka zenyewe kwa siku tatu. Mwoshaji mwingine alisema burashi zitumike zamu zamu ili zikauke, zitadumu mara mbili. Mambo madogo madogo, ambayo mtu wa nje angecheka akiyasikia. Sisi tulikuwa tunabishana juu yake njiani mpaka landi. Mke wangu alisema nimeanza kuzungumzia mikebe kama watu wengine wanavyozungumzia ng'ombe wao.

Halafu malai ya Subukia yakaanza kunuka.

Mpimaji alikuwa akinusa, anakunja pua, anasema daraja la pili. Siku moja, siku mbili, kisha kila siku. Hasa lilikuwa shamba moja la mbali, ng'ambo ya bonde. Bwana mkubwa aliandika barua kali kwa mwenye shamba, mwenye shamba akajibu kwa barua kali zaidi. Jumamosi wote tulikubaliana kwamba wale watu wa Subukia ni wachafu. Nyapara alisikiliza mpaka tukamaliza.

"Nani amekwenda kuona?"

Hakuna.

"Basi utakwenda wewe," akaniambia. "Panda lori la Jumatatu. Usiende kugombana. Angalia tu kila mahali mkebe unapopita, tangu kushuka kwenye lori mpaka kupanda tena."

Tuliondoka alfajiri. Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe la kanisani, kwa sababu nilijiona mkaguzi. Barabara ya kushuka Subukia ilikuwa matope mekundu, na dereva aliishuka kwa gia ya kwanza huku anaomba Mungu kwa lugha yake. Kwenye chumba cha maziwa cha shamba lile nilimkuta mama mmoja wa makamo, shuka imefungwa kifuani, ndiye aliyeendesha mashine ya kutenga malai. Nilimwamkia, nikamwambia nimetumwa na kiwanda. Akanikaribisha ndani.

Nilikagua kama askari. Mashine ilikuwa inang'aa. Vitambaa vilikuwa vimechemshwa na kuanikwa juani. Yule mama alinawa mpaka viwiko, mara mbili. Sakafu ilikuwa safi kuliko chumba ninacholala. Nilizunguka nikarudi nilipoanzia, sina la kusema.

"Umemaliza, kijana?" akaniuliza.

"Nimemaliza, mama."

Akatoka nje. Mikebe niliyokuja nayo ilikuwa bado kando ya lori, mifuniko imefungwa na waya wetu. Akauvuta mmoja, akafungua waya, akaubandua mfuniko. Ulitoa sauti kama ya busu.

"Nusa."

Niliinama nikanusa. Harufu ilikuwa ya kitambaa kilicholala na maji juma zima. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na maji kidogo, labda ya kujaza kiganja.

"Nusa na ule."

Nilinusa mkebe wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Yote ilikuwa hivyo.

"Hiyo harufu inatoka kwenu," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Mimi nachemsha maji nasuuza tena, lakini kuni hazitoshi mikebe yote. Zamani ilikuja na vumbi, lakini ilikuja mikavu. Tangu hiyo waya ianze, inakuja imefungwa na maji ndani."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tumwambie nani? Barua ni za wazungu."

Nilisimama pale na shati langu la kanisani. Mikebe ile niliifunga mimi kwa mikono yangu, moto wa mvuke ukiwa bado ndani, ili nimalize haraka nisaidie kupakia. Njiani kurudi, nikiwa nimekaa juu ya malai ya yule mama, niliwaza kusema uongo. Ilikuwa rahisi kabisa. Ningesema nimekuta chumba kichafu, wote wangeniamini, kwa kuwa ndivyo walivyotaka kusikia. Na nilimwogopea mzee wa Kericho. Waya ulikuwa wake, na tangu ule waya alikuwa ameanza kuitikia salamu kwa mdomo.

Tulipofika nilimvuta nyapara pembeni nikamweleza yote.

"Ulinusa mwenyewe?"

"Nilinusa, mzee."

"Mikebe mingapi?"

"Yote."

Akakuna kidevu. "Jumamosi utasema wewe. Lakini usianze na waya."

"Nianze na nini?"

"Anza na mkono uliofunga."

Nikaanza na mkono uliofunga. Jumamosi nilisimama nikasema kwamba nimeona maji ndani ya mikebe, na kwamba mikebe hiyo niliifunga mimi ikiwa bado na mvuke. Wenzangu wawili wakasema nao hufunga hivyo. Mchochea moto akataka kucheka, akaacha. Mzee wa Kericho aliweka kikombe chini.

"Basi nimeharibu mimi," akasema.

"Hapana," nyapara akasema. "Ulituambia mifuniko inapotea. Je, inapotea?"

"Haipotei."

"Basi ile ulimaliza. Hii ni nyingine."

Lakini mzee hakusikia. Saa saba ilipofika aliondoka bila machunda yake. Nilikosa raha siku nzima.

Kesho yake, Jumapili, nilikuwa natoka kanisani na mke wangu nilipomwona nyapara anakuja njiani, amevaa suti yake ya kijivu, amebeba mkebe wa malai begani. Watu waliokuwa wanatoka ibadani walimpisha wakimtazama. Kutoka kiwandani mpaka pale ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na mkebe ule hata ukiwa mtupu ni mzito.

"Twende tumwamkie mzee," akaniambia.

Tulimkuta amekaa nje ya chumba chake, anatengeneza kigoda. Alisimama kwa heshima, akatupatia viti, mke wake akaenda kuweka chai. Nilidhani nyapara ataanza kumfariji. Hakumfariji. Alitua mkebe mbele yake, akafuta jasho la uso kwa leso.

"Nimeshindwa na huu," akasema. "Ukifungwa, unanuka. Usipofungwa, mfuniko unapotea. Usiku kucha nimewaza mpaka mama watoto amenifukuza chumbani. Nimeuleta kwako."

Mzee alitazama mkebe. Kisha alimtazama nyapara ili aone kama anadanganywa, na hakudanganywa. Mtu yule alikuwa kweli ameshindwa, ndiyo maana alibeba kitu kile mji mzima siku ya Jumapili. Mzee akaugeuza mkebe chini juu, akaufungua waya, akaupima kwa vidole. Chai ikaja, ikapoa. Akaingia ndani akatoka na kipande cha waya kirefu zaidi.

"Waya ulikuwa mfupi," akasema hatimaye. "Ukiwa mrefu, mfuniko unaning'inia shingoni. Mkebe unalala umeinama, mdomo chini, maji yanatoka, hewa inapita. Ukikauka ndipo unafunga."

"Ulale wapi umeinama?"

"Mtautengenezea kitanda."

Tukakitengeneza kitanda. Mabanzi, yale masalia ya mbao yaliyokuja kutoka misitu ya Elburgon kama kuni za boila, tulichagua yaliyonyooka, tukapiga misumari, tukapata vitanda virefu viwili nje ya ukuta wa jua. Bwana mkubwa alikuja akalalamika kwamba tunakula kuni zake, akapewa jibu lile lile la kwanza: tunajaribu, na likiharibika kosa ni la nyapara. Baada ya siku kumi mpimaji alinusa mkebe wa Subukia, akaunusa tena, akasema daraja la kwanza kwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu cha kulalamikia.

Juma lililofuata mkebe mmoja wa shamba lile ulirudi mzito kwa namna ya ajabu. Tulipoufungua tulikuta mahindi mabichi, yamefungwa kwenye majani yake, na dereva akasema ni salamu za yule mama kwa kijana mwenye shati jeupe. Nyapara alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema mkebe uliotiwa mahindi uoshwe mara mbili, na niuoshe mimi.

Miaka minne nilifanya kazi chini yake. Si kila Jumamosi tuligundua kitu kikubwa. Mara nyingine mtu alileta wazo, tukalijaribu, likaanguka vibaya, kama ile njia ya kupandisha mikebe kwa kamba ambayo nusura ivunje mguu wa mchochea moto. Nyapara aliliandika nalo, akatushukuru, akaenda kwa bwana mkubwa kutukanwa peke yake. Alirudi akiimba tenzi za kanisani kwa sauti isiyofuata kinanda chochote, nasi tukajua yamekwisha.

Kisha kaka yake mkubwa alifariki, na boma la baba yao likabaki bila mtu. Ilimbidi arudi nyumbani. Siku ya mwisho alizunguka akimshika kila mtu mkono kwa mikono yake miwili. Kwangu alichelewa.

"Nimemwambia bwana mkubwa uwe nyapara," akasema. "Usinikasirikie."

Nilikuwa nimevimba kwa furaha. Sikuelewa kwa nini ningekasirika.

Nilielewa baada ya majuma matatu. Nilikuwa kijana, baadhi ya watu niliowasimamia walikuwa wakubwa wangu, na niliogopa wataniona si kitu. Kwa hiyo nilisema kwa sauti kubwa. Niliulizia makosa ya watu kabla hawajayaleta. Siku moja mikebe ya Rongai ilipelekwa stesheni ikapakiwa kwenye behewa la Elburgon, na nilimkaripia mpakiaji mbele ya wote, mtu wa miaka thelathini na watoto watatu. Alisimama akinitazama viatu. Jumamosi nilipouliza nini kimeharibika, wakajibu kwamba hakuna, kila kitu ni kizuri, asante bwana nyapara. Nilifurahi. Jumamosi ya pili ikawa hivyo, na ya tatu.

Mzee wa Kericho alinisubiri mlangoni wote walipokwisha ondoka.

"Umefurahi hakuna shida," akasema.

"Ndiyo, mzee. Kazi inakwenda vizuri."

"Shida zipo. Wanakuficha."

Alichukua machunda yake akaenda. Nilibaki na birika la chai lililopoa, na aibu. Usiku ule sikuongea vizuri na mke wangu. Niliwaza kumwandikia yule nyapara wetu barua nimwombe ushauri, halafu nikajua atakachojibu, tena kwa herufi zake kubwa.

Jumamosi iliyofuata sikuuliza kitu. Niliwaambia habari ya behewa la Elburgon. Orodha ya asubuhi ile niliiandika mimi, kwa haraka, na ukweli ni kwamba sikwenda kuangalia upakiaji hata mara moja, nilikuwa ofisini najionyesha kwa bwana mkubwa. Kisha nilimkaripia mtu kwa kosa nililotakiwa kulizuia. Nilimgeukia mpakiaji.

"Nimekukosea mbele ya watu," nikasema, "naomba unisamehe mbele ya watu."

Alikuwa mtu wa utani mwingi zamani, na kwa mwezi mzima hakuwa amefanya utani. Alizungusha kikombe mkononi.

"Orodha yako ilikuwa sawa," akasema. "Mimi ndiye sikuisoma."

"Kwa nini?"

"Sijui kusoma."

Hakuna aliyecheka. Mwingine akasema, "Hata mimi." Kisha wa tatu. Tulikuwa watu tisa wakati huo, na watano hawakujua kusoma. Walikuwa wanaikariri mikebe kwa makovu yake, huu umebonyea hapa, ule una sikio lililopinda, na mkebe mpya ukiingia wanakisia. Miaka yote hiyo mimi niliyesaidia kuandika maneno kwenye daftari sikuwahi kufikiria jambo hilo. Nilidhani kwa kuwa sahani za chuma zenye majina ya mashamba zipo shingoni mwa mikebe, basi kila mtu anaziona kama ninavyoziona mimi.

"Sasa tufanye nini?" nikauliza, na safari hii nilikuwa nauliza kweli.

Mpakiaji alifikiri kidogo. "Rangi," akasema. "Tupake mabegani. Subukia nyekundu, Rongai nyeupe, Elburgon ya majani. Hapo hata kukiwa na ukungu naona kutoka mlangoni."

Nilichukua penseli nikaandika, na kando yake nikaandika nani amesema. Aliomba nimwonyeshe maneno yale yanayomhusu. Nikamwonyesha kwa kidole, akayatazama kwa muda mrefu, kisha akarudisha kikombe kwenye birika akaomba chai zaidi.

Tulianza Jumatatu na nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo stoo. Nyeupe tuliiomba reli, kwa mjomba wangu. Ya majani haikupatikana mji mzima, kwa hiyo Elburgon walikaa bila rangi mpaka mwezi uliofuata, na mpakiaji akasema hawa ndio wenye msitu halafu wamekosa kijani, na ule ulikuwa utani wake wa kwanza tangu nimkaripie.